Ushahidi wa Vibao: Bagamoyo na Haki ya Wafu

Bagamoyo, mji mdogo wa pwani ulio kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mahali ambapo historia husomwa kwa kutembea, kwani kandokando ya barabara zake, milangoni na makaburini, vipo vibao na mawe ya kumbukumbu yanayoeleza nani alipita, nani alizikwa na nani aliuawa. Maandishi hayo yanazua swali ambalo mwanahistoria peke yake hawezi kulimaliza, kwa kuwa ni la dini na falsafa: je, wafu wanawadai walio hai chochote kuhusu maneno yanayoandikwa juu yao, na kama wanadai, ni kukumbukwa au ni jambo jingine?

Dini mbili zilizoota mizizi mjini humo, Uislamu na Ukristo, haziutukuzi ukumbusho kama inavyodhaniwa. Hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim inakataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa, na katika mapokezi ya Tirmidhi katazo linagusa pia kuandika juu yake; hata hivyo Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, pana magofu ya misikiti miwili pamoja na makaburi ya mawe yenye nguzo, ithibati kwamba Waswahili wa kale, ambao hakika hawakuwa wajinga wa dini yao, waliona uzito kuwaacha wakubwa wao bila alama. Kwa Wakristo, Augustino wa Hippo, katika risala aliyomwandikia Paulino wa Nola mwanzoni mwa karne ya 5 kuhusu kuwatunza wafu, alishikilia kwamba fahari ya maziko ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa aliyekufa. Kwa imani zote mbili Mungu hasahau. Kwa hiyo mpagazi, yaani mtu aliyebeba mizigo ya misafara kati ya bara na pwani kwa ujira, akifia njiani na kuzikwa pasipo jiwe, hapungukiwi na kitu mbele ya Muumba wake.

Hoja hiyo ikikubaliwa, wajibu wa kumkumbuka kila mtu, ambao kwa vyovyote hauwezekani, unaondoka mabegani mwa wanadamu, lakini unabaki mwingine ulio mzito zaidi, kwa sababu kibao ni shahidi anayesema hadharani, na ushahidi wa uongo umeharamishwa na dini zote mbili. Aliyesahauliwa hajadhulumiwa kwa lazima. Aliyedhulumiwa ni yule ambaye tendo lake limeandikwa kwa jina la mwingine.

Mfano wa wazi umo mjini humo, katika kanisa la Kianglikana, ambako maandishi ya mlangoni yanaeleza kwamba Dkt. David Livingstone alipita katika mlango huo. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiwamo Chuma, Susi na Jacob Wainwright, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, kisha wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aliyepita mlangoni, basi, alikuwa maiti, na miguu iliyotembea ilikuwa ya watu ambao sentensi hiyo haiwaoni. Jiwe la kaburi lake katika Westminster Abbey, London, alikozikwa Aprili 1874, linakaribia haki zaidi, kwa kuwa linakiri kwamba aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari, ingawa halisemi mikono ya nani, kana kwamba uaminifu ungeweza kuwapo bila mtu mwaminifu. Kwa kweli kumbukumbu ya kwanza kabisa iliyashinda maandishi yote hayo: Wainwright alipouchonga mti wa Chitambo, chini ya jina la Livingstone aliongeza majina ya wenzake waliokuwa viongozi wa msafara.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kila kibao kisicho na majina kina dhuluma. Karibu na ufuo wa Bagamoyo ipo kumbukumbu inayoeleza kwamba hapo wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao, na haiwataji walionyongwa, ilhali katika makaburi ya Wajerumani yaliyomo mjini humo waliokufa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza 1888, wametajwa kwa majina. Tofauti hiyo inauma, nayo inatokana na nani aliyekuwa na kalamu, lakini kumbukumbu ya ufuoni imeupa kila upande tendo lake: waliopinga wanaitwa waliopinga, na walionyonga wanaitwa walionyonga. Ina pengo, na pengo huweza kujazwa siku nyaraka zitakapopatikana. Maandishi ya mlangoni hayana pengo lolote la kujazwa, kwani yamekwisha kuitoa safari ya wabebaji na kumpa waliyembeba.