Mkoba wa Mkono: Zawadi au Deni?

Miongoni mwa maswali ambayo aghalabu hatuyaulizi, kwa sababu yako karibu mno na macho yetu, limo swali la thamani ya kitu kilichofanywa kwa mkono. Kazi ya mikono twaisifu katika hotuba na katika maonyesho. Twasema kwamba ni sehemu ya utamaduni wetu, na twasema kweli. Lakini tukisimama mbele ya mwanamke aliyepanga mikoba yake juu ya mkeka, neno letu la kwanza huwa ni kumtaka apunguze bei. Hapa twataka kulichunguza jambo hili moja: je, mtu aliyetushonea mkoba kwa mkono wake anatudai nini?

Haifai kupima thamani ya kazi kabla ya kuijua, basi na tuanze na kazi yenyewe. Katika miji yetu kushona mikoba ya kanga na vitenge ni kazi ambayo wanawake wengi huianza kwa pamoja. Marafiki wawili watatu hupatana siku, wakaenda madukani: Kariakoo katika Dar es Salaam, Darajani kule Unguja, au Biashara Street mjini Mombasa, ambako duka la kanga la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Huingia duka hili wakatoka, wakaingia lile. Hushika kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada ili wajue uzito wake. Hukiinua kwenye mwanga wa mlango waone kama nyuzi zake zimesongamana, na humwuliza mwenye duka kama rangi yachuja. Husoma jina la kanga wakacheka, au wakanyamaza, maana jina laweza kumgusa mmoja wao. Kisha hugawana. Asiyeweza kununua doti nzima peke yake huweza kulipia fungu lake akiwa na wenzake, na pindo la mmoja huja likapamba mkoba wa mwingine.

Wakifika nyumbani hukata kipande cha nje, bitana ya ndani, na mishikio miwili. Hupiga bandi kwanza ili vipande visitoroke, ndipo wakashona mshono wa kudumu, subana ikiwa kidoleni. Mishikio hurudiwa mara mbili au tatu, kwani ndiyo itakayobeba uzito wa unga na viazi. Mshono uliopinda hufumuliwa ukashonwa upya. Haya yote huendelea pamoja na mazungumzo, na mwenye uzoefu humwonyesha asiye nao bila ya kumtoza ada.

Wala desturi hii si ngeni kwetu. Husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilizaliwa kwa sindano: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso, wakaviunga pamoja mpaka vikapatikana vipande vya kujifunga, ndipo wafanyabiashara nao wakatia akili ya kuchapa nguo nzima. Kabla ya hapo, na hata leo, wapo wanaosuka ukindu kuwa ukili, na ukili ukaungwa kwa sindano kubwa kuwa mkeka au kikapu. Zipo pia kofia za viua, ambazo mshonaji huzitoboa na kuzidarizi tundu kwa tundu kwa majuma mengi. Na tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kama walivyokwisha kufanya Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017, kikapu na mkoba wa nguo vimepata sababu mpya ya kuishi, ingawa vyashindana na mifuko mingi ya viwandani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tukitazama vema tutaona kwamba mkoba uleule, wenye kitambaa kilekile na mshono uleule, waweza kuwa vitu viwili mbalimbali kabisa. Mshonaji akimpa rafiki yake aliyejifungua ili atilie nguo za mtoto, mkoba huo ni zawadi. Akiupanga juu ya mkeka ili jioni anunue mchele, mkoba huo ni bidhaa, na anayeuchukua amebeba deni mpaka atakapolipa. Wahenga wetu waliijua tofauti hii wakaiwekea methali mbili. Juu ya zawadi walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Juu ya deni walisema: dawa ya deni kulipa. Hawakuzichanganya methali hizo, bali sisi ndio tunaozichanganya, na katika kuzichanganya twaingia katika dhuluma bila ya kuijua.

Twazichanganya kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya mnunuzi anayetaka bidhaa kwa masharti ya zawadi. Na tuichukue hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi aweza kuihakikisha katika daftari lake. Tuseme mkoba wauzwa shilingi 12,000. Tuseme kitambaa, bitana na uzi vimegharimu shilingi 7,000. Basi ujira wa mshonaji ni shilingi 5,000. Ikiwa ameushona kwa siku mbili, saa 8 kila siku, kila saa yake imepata shilingi 312 na nusu. Sasa anakuja mnunuzi, anamsifu sana, kisha anataka apunguziwe shilingi 2,000. Yeye hudhani amepunguza sehemu moja tu katika sita za bei. Lakini mwenye duka la vitambaa alikwisha lipwa zamani, na uzi haurudishiki. Shilingi zote 2,000 zimetoka mahali pamoja, yaani katika ujira, na mshonaji amepoteza sehemu mbili katika tano za jasho lake. Hiyo ndiyo maana ya punguzo analolipata mnunuzi kwa maneno mawili matatu na tabasamu.

Njia ya pili ni ya ndugu na rafiki. Mtu akijulikana kuwa fundi, hapiti mtaani ila aitwe: tushonee basi, kwani sisi si ndugu? Udugu ni jambo tukufu, nasi hatutaki uhesabiwe kwa mizani ya duka. Lakini zawadi hutoka kwa mwenye kutoa, na ikidaiwa hugeuka kuwa ushuru. Anayemdai fundi zawadi kwa jina la udugu amemnyima hata ile furaha ya kutoa. Kama kweli tu ndugu zake, sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kumlipa, kwa sababu sisi ndio tunaojua watoto wake wangapi wamo shuleni.

Njia ya tatu imejificha zaidi, nayo ni kutoihesabu kazi kabisa. Kwa kuwa wanawake hushona huku wakizungumza na kucheka, baadhi ya watu husema kwamba hiyo ni kazi ya kupitishia wakati, haina gharama. Hoja hii haina miguu. Dereva huimba akiendesha gari, na mvuvi hupiga soga akitengeneza nyavu, wala hatusemi kwamba safari haina nauli au samaki hana bei. Furaha ya mtenda kazi ni mali yake mwenyewe, na haifai kuhesabiwa kuwa sehemu ya malipo yake.

Yatupasa pia kusikiliza wale wasiokubaliana nasi. Wapo watakaosema kwamba kupatana bei ni desturi yetu, na kwamba soko lisilo na mazungumzo ni soko la wageni. Ni kweli. Lakini kupatana na mchuuzi aliyenunua kwa jumla na kuongeza faida si sawa na kupatana na aliyetengeneza kitu kwa vidole vyake. Mchuuzi twajadiliana naye juu ya faida, na fundi twajadiliana naye juu ya saa za uhai wake. Mazungumzo yaruhusiwa kwa wote wawili, ila kwa fundi swali la kwanza la haki ni hili: kazi hii imekuchukua muda gani?

Wengine watasema kwamba muuzaji hakulazimishwa, kwani alikubali kwa hiari yake. Nasi twajibu kwamba hiari ya saa kumi na mbili jioni, mtoto akisubiri chakula, ni hiari nyembamba sana. Wengine tena watasema kwamba mashine hushona mifuko mingi kwa bei ndogo, na maskini hana la kufanya ila kununua kilicho rahisi. Huyu hatumlaumu hata kidogo. Mashine imewapunguzia watu taabu, na anayenunua mfuko wa kiwandani kwa sababu ya uchache wa fedha hana dhambi. Mwenye makosa ni yule anayetaka uzuri wa mkono kwa bei ya mashine, kisha akauonyesha mkoba huo kwa wageni akajisifu kwamba anapenda utamaduni wake.

Wala swali hili si letu peke yetu. Kule Alabama, nchini Marekani, wamo watu weusi, vizazi vya watumwa, ambao wanawake wao kwa miaka mingi walishona matandiko ya viraka kutokana na nguo kuukuu, ili familia zao zijifunike wakati wa baridi. Mwaka 1966, katika siku za mapambano ya haki za raia, baadhi yao waliunda katika wilaya ya Wilcox ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, ili kazi waliyozoea kuifanya bila malipo iwapatie fedha zao wenyewe. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba wa kushona foronya za mito kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Sears, kwa kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Kazi hiyo ilitaka kila foronya ifanane na mwenzake. Lakini mabaki ya kitambaa hicho yalikwenda nyumbani kwa watu, nako yakashonwa matandiko kwa namna aliyoipenda kila mshonaji. Mwaka 2002 matandiko ya wanawake wa kijiji cha jirani kiitwacho Gee's Bend yalionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, na watu wengi wakastaajabia.

Tunajifunza nini kwao? Mikono ilikuwa ileile, na kitambaa kilekile. Foronya zilikuwa bidhaa, zikatakiwa kulipwa, na matandiko ya nyumbani yalikuwa mapenzi, yakawafunika watoto. Wanawake wale hawakuyachanganya mambo hayo mawili. Zaidi ya hayo, walipolielekea soko hawakwenda mmoja mmoja. Hapa ndipo tunapoona kasoro katika desturi yetu njema tuliyoieleza juu. Marafiki wetu huenda pamoja kununua kitambaa, wakashona pamoja, lakini aghalabu huuza kila mtu peke yake, na mnunuzi humtoka mmoja akaenda kwa mwingine mpaka ampate aliye na shida kuliko wote. Urafiki uliowaongoza dukani ungefaa uwafikishe mpaka sokoni: wakubaliane bei ambayo hapana hata mmoja wao atakayeshuka chini yake.

Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 mwanzoni mwa urais wake, alieleza kwamba ameunda wizara mpya ya utamaduni, kwa kuwa aliuona utamaduni kuwa ndio uhai wa taifa. Baadaye, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilitufundisha kuuita unyonyaji kwa jina lake, yaani kuishi kwa jasho la mwingine. Siasa za uchumi zimebadilika sana tangu siku hizo, lakini mafundisho hayo mawili bado yakamilishana. Utamaduni usiomlipa mwenye kuubeba umekuwa pambo tu kwa wanaoutazama. Chanda chema huvikwa pete, wala hatukusikia kwamba huvikwa maneno.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo dogo. Wanafunzi wanaposhona mkoba au kusuka kikapu, waandike pembeni saa walizotumia na gharama ya kila kitu, kisha wajipangie bei wenyewe. Hapo watajua kwa vidole vyao kile ambacho hotuba haziwezi kuwafundisha. Nao wanafunzi wakikutana na mshonaji sokoni, wasione haya kumwuliza kazi yake imechukua siku ngapi. Wenye uwezo wa kulipa haki yake walipe, na wasio na uwezo wamwage kwa heshima bila ya kuidunisha bidhaa yake. Na siku rafiki atakapowapa mkoba alioushona kwa ajili yao, wasimwulize bei, bali wautumie mpaka mishikio ikatike, kisha wauthamini kiasi cha kuushona upya.

Mkono ukishachoka, sifa haiwi ujira,
Mkoba ukishafika, usilipe kwa hasira,
Rafiki akikuvika, pokea kwa moyo bora,
Deni lataka kulipwa, zawadi yataka moyo.