Mkono Ulio Nao



Katika darasa letu hapa Goma yumo kijana aliyepigwa na kiharusi angali mtoto. Damu ilikosa njia upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wake wa kuume ukalegea, na mguu wa kuume huukokota hata leo juu ya mawe haya ya volkeno. Siku moja alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Wenzake wakanong'ona: "Anamdharau Mungu." Wengine walisema amelogwa. Tangu hapo akawa anakaa nyuma peke yake.

Je, alikosa? La, hata kidogo. Kiharusi ni ugonjwa, si laana wala uchawi. Huweza kumpata hata mtoto, hasa mwenye selimundu, ugonjwa ule wa damu. Mtoto akilegea ghafla upande mmoja, mpelekeni hospitali saa ile ile, si kwa mganga.

Someni Injili ya Luka, sura ya 6. Katika sinagogi alikuwamo mtu mwenye mkono wa kuume uliopooza. Kabla ya kumponya, Bwana wetu alimwita asimame katikati, mbele ya watu wote. Basi nasi, tusiweze kuponya, tunaweza kumwita ndugu yetu mbele. Mzigo wake na upakiwe katika chukudu zetu.

Nawe uliyepooza, inua mkono ulio nao. Mungu hadai asichokupa.

Jumapili ijayo kijana huyu ataanza ishara ya msalaba, nasi sote tutamfuata. Amina.