Dakika Kumi za Saa Nane Mchana

Palikuwa na hospitali moja ya wilaya, na kisa chake nakisimulia kwa ajili ya wanaopanga ratiba za wauguzi. Nimekiunda mwenyewe kutokana na mambo yanayotokea katika wodi nyingi, kwa hiyo msomaji asijisumbue kutafuta ni hospitali gani.

Wodi ya majeruhi ya hospitali hiyo ilikuwa na vitanda ambavyo zamani vilipandishwa na kushushwa kwa kuzungusha mkono wa chuma upande wa miguuni. Mikono hiyo ilikuwa imeharibika siku nyingi. Mgonjwa aliyevunjika paja anapotakiwa kugeuzwa asipate vidonda vya kulalia, muuguzi anainama karibu na usawa wa goti na kukunja ncha ya shuka kwenye viganja. Mwenzake anashika upande wa pili, wanahesabu moja, mbili, tatu, wanavuta. Kisha wanahamia kitanda kinachofuata. Baada ya saa mbili wanaanza upya. Ikifika mchana kiuno kinawaka moto, na mwenye kiuno hicho lazima arudi nyumbani kuchota maji na kubeba mtoto. Nasema mtoto kwa sababu karibu wote walikuwa wanawake, kama ilivyo duniani kote: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa wanawake ni takribani asilimia 70 ya wanaofanya kazi za afya na ustawi wa jamii.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa akiwaona wakimjia mmoja mmoja, bila kadi wala foleni. "Kaka, hebu niangalie hapa mgongoni mara moja." Walipozidi akamfuata inchaji wa wodi, mama wa makamo aliyeitumikia majeruhi kuliko mtu yeyote pale.

"Mama, hawa dada zangu wanakunywa diklofenaki kama maji. Wanachohitaji ni misuli."

"Na muda nitautoa wapi, mwanangu?"

"Saa nane."

Lilikuwa jibu la mtu anayeijua hospitali. Saa nane mchana zamu ya asubuhi huikabidhi zamu ya jioni, na kwa kitambo kidogo wodi huwa na watu wa zamu zote mbili. Inchaji akawagawa: nusu wabaki na wagonjwa na ripoti, nusu waende chumba cha mazoezi ya viungo, kesho yake wabadilishane. Vifaa vilikuwa tyubu za baiskeli zilizokatwa vipande virefu na chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga. Walivuta tyubu kwa mabega, wakachuchumaa na kusimama, wakainua chupa, wakamaliza. Dakika kumi. Mtaalamu alipita katikati yao akisahihisha: "Goti lisiingie ndani, dada. Pumua. Mgongo unyooke kwanza ndipo uvute."

Kuna watu pale waliouliza nesi anayetembea kutwa nzima anahitaji mazoezi ya nini. Swali hilo linastahili jibu, maana hata wataalamu limewasumbua. Mtafiti Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wameandika sana juu ya tofauti iliyopo kati ya kuhangaika kwa kazi na kufanya mazoezi. Mazoezi ni mafupi, yana nguvu ya kutosha kuujenga msuli, na baada yake mwili unapumzika. Kazi ya kuinama na kubeba huendelea kwa saa nyingi, haichagui msuli uliochoka, wala haimpi mtu nafasi ya kupumua. Mazoezi yanaongeza uwezo wa mwili, kazi inautumia. Muuguzi mwenye misuli imara akimwinua mgonjwa yuleyule, mzigo unachukua sehemu ndogo zaidi ya nguvu zake.

Lakini lililonigusa zaidi katika kisa hiki si misuli. Katika wodi ile muuguzi kijana aliyetoka chuoni na mhudumu wa afya anayekaribia kustaafu walikuwa wakikutana juu ya mgonjwa tu, mmoja akiagiza na mwingine akitekeleza. Pale chumbani walivuta tyubu moja, kila mtu upande wake, na mara nyingi mhudumu ndiye aliyekuwa na mgongo ulionyooka. Vijana wakaanza kumuuliza amewezaje. Akawafundisha namna ya kusogeza mguu kabla ya kuvuta shuka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakazoea kuitana. "Njoo tushike" likawa neno la kawaida wodini, na ikawa aibu kidogo kumwinua mgonjwa peke yako wakati mwenzako yupo.

Habari zikamfikia katibu wa afya wa hospitali. Hakuwa mtu mbaya, na kisa hiki kingekuwa chepesi kama angekuwa mbaya. Alifurahi kweli. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa mazoezi. Katibu akaona hospitali yake tayari ina mfano hai, kwa nini usikuzwe? Akaandika waraka: kuanzia mwezi ujao mazoezi ya watumishi yatafanyika Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili huduma kwa wagonjwa zisiathirike. Ya saa nane yasitishwe.

Jumamosi ya kwanza ilipendeza. Fulana za rangi moja, bango, muziki, mgeni rasmi, mbio za pole hadi uwanjani na picha za pamoja. Watumishi wa ofisini walinufaika sana, na sioni sababu ya kuwabeza. Mtu anayekaa kitini wiki nzima anahitaji kukimbia.

Wauguzi walikuwa na hesabu nyingine. Aliyelala zamu ya usiku alikuwa bado wodini saa hiyo, kwa sababu hukabidhi saa mbili asubuhi, na daftari la mahudhurio likaonyesha hakuhudhuria. Aliyekuwa na mapumziko ya Jumamosi alikuwa na nguo za wiki nzima na watoto wasiokwenda shule siku hiyo. Aliyekuwa na mtoto wa kunyonya alikuja naye mgongoni, akasimama pembeni akitazama wenzake wakikimbia. Katibu alipoona safu zinapungua akaagiza watakaokosa mara tatu watoe maelezo kwa maandishi. Kuanzia hapo walikuja, wakasaini, wakaondoka. Na kwa kuwa waraka ulisema mazoezi ni Jumamosi, ile saa nane ikajaa kazi nyingine ndani ya wiki moja: dawa za stoo, fomu za bima, mgonjwa wa kupeleka eksirei.

Hili lingeweza kuonwa kuwa uvivu wa wauguzi wa hospitali moja, kama Wadenmark wasingelipima jambo lenyewe. Mwaka 2015, Markus Jakobsen na wenzake wa kituo cha taifa cha utafiti wa mazingira ya kazi, Copenhagen, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 200 wanaotoa huduma za afya katika idara 18 za hospitali tatu. Kwa kura, wanawake 111 walipangiwa kufanya mazoezi kwa pamoja kazini, ndani ya saa za kazi, wakiwa na mwalimu. 89 walipewa mazoezi ya kufanya peke yao nyumbani kwa muda wao wenyewe. Wote waliambiwa dakika 10 kwa siku, mara tano kwa wiki, kwa wiki 10. Wa kazini walifanya wastani wa mara 2.2 kwa wiki, wa nyumbani mara 1. Maumivu ya mgongo, shingo na mabega yalipungua zaidi kwa wa kazini, na katika ripoti ya mwaka 2017 watafiti hao walionyesha kuwa hata uchangamfu wao ulipanda kuliko wa wenzao. Ni haki kuongeza kwamba wa kazini walipewa pia vikao visivyozidi vitano vya kuhamasishana, kwa hiyo mahali peke yake hapabebi sifa yote.

Mimi ninaitazama sana ile 2.2. Hao ni wanawake wa nchi tajiri, wenye mashine za kunyanyulia wagonjwa, walioruhusiwa rasmi kuacha kazi kwa dakika kumi, na bado wodi iliwanyang'anya zaidi ya nusu ya nafasi walizopewa. Basi muda usiolindwa na mtu yeyote, ambao mwanamke anaambiwa autafute mwenyewe kati ya jiko na kitanda, utapona vipi?

Katibu wetu aliyaona mazoezi kama vidonge ambavyo ukishampa mtu anaweza kwenda kumezea popote. Kumbe alichokuwa ametoa inchaji ni ruhusa. Dakika kumi zilizokatwa kwenye zamu zilimwambia muuguzi kwamba mgongo wake ni sehemu ya kazi ya hospitali. Jumamosi ilimwambia ni jukumu lake binafsi, tena jukumu lenye daftari.

Jioni moja, miezi kadhaa baadaye, muuguzi wa pale majeruhi alikuwa na wagonjwa wake na mhudumu mmoja, ambaye alikuwa ametumwa maabara. Mgonjwa mzito alikuwa ameteleza kuelekea chini ya kitanda. Muuguzi mwenzake alikuwepo wodi ya jirani, hatua chache tu, lakini desturi ya kuitana ilikuwa imekufa kimyakimya pamoja na ile saa nane. Akamwinua peke yake. Alisikia kitu kikikatika kiunoni na akashindwa kunyooka. Picha zilionyesha diski imetoka mahali pake. Baada ya likizo ndefu ya ugonjwa alirudi kwa kazi nyepesi, akapelekwa masijala. Pale majeruhi pengo lake halikuzibwa, na mizigo yake ikagawanywa kwa migongo iliyobaki.

Kikao kikaitwa. Katibu aliuliza kwa nini ajali itokee hospitali yenye programu ya mazoezi, na alikuwa anauliza kwa dhati. Inchaji alikuja na ratiba ya zamu na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

"Ndugu katibu, sheria hii inasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika sitini. Wanangu wodini hawayapati. Mimi nilikuwa naomba kumi tu kati ya hizo sitini."

"Na wagonjwa, mama, wanabaki na nani?"

Akafungua ratiba, akamwonyesha saa nane kwa kidole: majina ya zamu ya asubuhi, majina ya zamu ya jioni, siku moja baada ya nyingine. Akaomba pia mhudumu mmoja zaidi kwa jioni, na mafundi wa vitanda.

Katibu alikubali saa nane, siku tatu kwa wiki. Vitanda viliingizwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Mhudumu wa jioni hakupatikana. Mtaalamu alitoa tena tyubu na chupa zake, na siku ya kwanza walikuja watatu. Wengine walisimama mlangoni wakauliza kwanza kama kuna daftari la kusaini.