Habari za Hirbadaw ni za nani?

Tuko watatu, na tunataka kuanzisha jarida la mtandaoni la kuandika mambo ya Hirbadaw na vijiji vya Hanang na Mbulu: maji, malisho, barabara, mikutano ya vijiji, bajeti za halmashauri. Tumekubaliana karibu kila kitu. Tumekwama kwenye neno moja tu la utambulisho wetu, neno "huru". Wenzangu wanalipenda. Mimi linanitatiza.

Kwa kawaida tukisema chombo huru tunamaanisha kisichoshikwa na serikali wala wenye pesa. Hilo si jambo dogo, hasa Tanzania. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2, ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka. Juni mwaka ule JamiiForums ilizimwa kwa muda, na baadhi ya blogu zikafungwa na wenyewe. Ada zilikuja kupunguzwa, ila leseni ya habari ipo palepale, na anayeitoa ndiye anayeweza kuisimamisha. Kwa hiyo uhuru wa aina hiyo siubezi. Nimekaa kwenye chumba cha habari, nimeona habari ikifa kwa simu moja tu.

Lakini kuna uhuru mwingine tunaouchukua kimyakimya: uhuru wa kutoulizwa. Nikikaa Arusha nikaandika juu ya mtu wa Hirbadaw mwenye kiswaswadu, habari yake itasomwa Dar, itasomwa Dodoma, na yeye ataisikia mnadani wiki mbili baadaye, ikiwa imeshatiwa chumvi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, anayetuhumiwa huwa amekaa palepale. Anasimama, anajibu, na aliyemtuhumu anatazamwa usoni. Ukitupima kwa kipimo hicho, jarida letu linaweza kuwa umbeya tu, wenye nembo nzuri.

Mzee mmoja jirani yetu, Mbarbaig, aliniuliza, "Mwanangu, hicho mtakachoandika, mimi nitakijibia wapi?"

"Utanipigia simu, mzee."

"Na vocha utaninunulia wewe?"

Sasa usidhani nausifu mkutano. Aliyehamisha ng'ombe kufuata malisho hayupo siku hiyo. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni anaweza kupiga kura ya mikono bila kusema neno. Tena maneno ya chini ya mti hayafiki mbali. Jirani zetu wa Mulbadaw wanalijua hilo. NAFCO, shirika la umma, lilichukua ardhi ya Hanang kwa ajili ya mashamba ya ngano yaliyosaidiwa na Canada, wanakijiji wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, mojawapo ya sababu ikiwa Halmashauri ya Kijiji haikuleta ushahidi kwamba iligawiwa ardhi ile. Ushahidi! Watu waliokuwa wakichunga pale na kuzika wazee wao pale. Kila nikiifikiria kesi ile napata hamu ya kuandika kila kitu, hata muhtasari wa kikao cha choo cha shule.

Kwa hiyo kuandika ni lazima. Swali ni nani asome kwanza. Mimi nimependekeza hivi: habari inayomtaja mtu isomwe mbele yake kabla haijatoka, kwa Kiiraqw au Kibarbaig ikibidi, na jibu lake liingie. Halafu tuichape, tuibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji siku hiyohiyo inapopanda mtandaoni.

Mwenzangu mmoja akaruka. Akasema ukimsomea mkubwa habari kabla, umempa muda wa kupiga simu. Ana haki kabisa. Tukaanza kugawa: mwenye uwezo wa kutuzima apelekewe maswali tu, asiye na uwezo asomewe yote. Ilionekana safi, mpaka tulipoipima kwa habari yetu ya kwanza.

Habari yenyewe ni ya pampu ya maji, kijiji sikitaji kwa sasa. Kina mama wanatoa shilingi 50 kwa kila ndoo, na hesabu hazijasomwa mwaka mzima. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni mjomba wangu. Je, ni mkubwa au mdogo? Akiitwa wilayani Katesh anasubiri nje kwenye benchi tangu asubuhi kama mtu yeyote. Akifika bombani, hakuna anayethubutu kumuuliza. Simu janja hana. Ila ana ukoo mzima, na mimi nimo. Wenzangu wanataka niiache habari hiyo, waiandike wao, kwa sababu ya undugu. Mimi naona undugu ndio unaonilazimisha kumsomea, maana akikasirika anajua mlango wa kubisha.

Jumamosi nakwenda na karatasi zangu mbili. Mama ameshapata habari. Hajanikataza. Ameniuliza tu kama nimekata risiti za ndoo zake mwenyewe, nikamwambia hakuna risiti, akanyamaza, kisha akasema nimwandike na yeye.