Pole, Nisamehe, na Neno "Sorry"



Liko neno moja la Kiingereza ambalo limeingia nyumbani mwetu, sokoni, ofisini na hata uani mwa kanisa, na hulitumia hata yule asiyejua neno jingine la lugha hiyo. Neno hilo ni "sorry", nasi tumelifanya letu kwa kulitamka "sori". Mtoto akivunja kikombe husema sori. Kondakta akikukanyaga mguu husema sori. Mume aliyetumia ada ya mtoto kwa mambo yake naye husema, "Sori, mama watoto," kisha huuliza kama chakula kiko tayari. Kusudi letu si kuwakemea wanaochanganya lugha, maana Kiswahili kimekopa tangu zamani na hakikupungukiwa na kitu. Twataka kuuliza swali moja tu: mtu asemapo neno hili kwa aliyemkosea, amesema nini hasa?

Tulitazame kwanza neno lenyewe kwao. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mtu mwenye maumivu, nalo ni la ukoo mmoja na "sore", yaani penye kidonda. Wengi hudhani kwamba limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. Sivyo, maneno hayo mawili yana asili mbalimbali, ila yamekaa jirani kwa muda mrefu hata yakafanana. Kutoka katika kidonda hicho maana zilitawanyika pande zote. Mwingereza akisikia kwamba umefiwa, husema "sorry". Akikukosea, husema hilo hilo. Asiposikia ulilosema, hulitamka kwa sauti ya kuuliza, nawe hujua kwamba yakupasa urudie. Akikunyima ulichoomba, huanza jibu lake nalo. Hata nyumba iliyochakaa huelezwa kwa neno hilo, kwamba hali yake ni ya kusikitisha.

Sisi tuliosimama mbele ya ubao kwa miaka mingi twajua taabu yake. Ukiwapa wanafunzi sentensi "I am sorry" waifasiri, mmoja ataandika "Pole", wa pili "Nisamehe", wa tatu "Nasikitika". Wote watatu wamepata, lakini hawakusema jambo moja.

Kiswahili huyatenga mambo haya. "Pole" ni neno la mtu aliye karibu na maumivu ya mwenzake. Twalitoa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyetoka safari, hata kwa aliyejikwaa njiani wala sisi hatukumsukuma. Ndiyo maana mtu wa kwetu akimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", huenda akajibiwa, "Kwa nini? Si kosa lako." Yule alitoa pole, huyu alisikia maungamo. "Nisamehe" ni neno la mdeni. "Niwie radhi" ni zaidi kidogo, maana radhi hiyo imo moyoni mwa aliyekosewa, na ni yeye tu awezaye kuitoa. "Najuta" ni neno la moyo unaojiuma wenyewe, nasi hunena kwamba majuto ni mjukuu. Na "natubu" limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kurudi: mtu alikwenda upande usiofaa, sasa anageuka na kurejea.

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme mbuzi wa mtu wameingia katika shamba la jirani usiku wakala mahindi. Asubuhi mwenye mbuzi anafika, anatazama, anatikisa kichwa na kusema, "Pole sana jirani, mahindi yameliwa." Maneno hayo ni ya upole, wala hayana uongo. Lakini yameliwa na nani? Mwenye mbuzi amejitia katika kundi la wapita njia waliokuja kutoa pole. Angesema, "Nisamehe, mbuzi wangu wamekula mahindi yako, sikuwafunga, njoo tupime hasara," mambo yangekuwa mengine. Katika lugha yetu hila ya namna hii huonekana mapema, kwa kuwa jirani amezoea kupambanua pole na nisamehe. Lakini akisema "Sori, jirani," nani atajua ametoa pole au ameomba msamaha? Tulipokopa neno hili tulikopa na maficho yake.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mbuzi na mahindi tu. La, hata mataifa makubwa yamejificha humo. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina, Wang Wei, akapotea baharini, na Wamarekani 24 waliotua kisiwani wakazuiliwa. China ilidai iombwe radhi. Marekani ilisema haikutenda kosa. Baada ya siku 11 ikapatikana barua ya Marekani yenye maneno "very sorry" mara mbili: mara moja kwa kupotea kwa rubani, na mara moja kwa kuingia katika anga ya China na kutua bila ruhusa ya mdomo. Wachina waliwaeleza watu wao kwamba wameombwa radhi. Wamarekani waliwaeleza wao kwamba hakuna radhi iliyoombwa. Watu 24 walirudi makwao, na hilo lilikuwa jema. Lakini juu ya nani alikosa, barua haikusema lolote.

Karibu na kwetu pia tumeona jambo la kufikiri. Mwezi Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka Bungeni kwamba inasikitikia mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alisema huko Nairobi kwamba ana huzuni na masikitiko makubwa kwa maovu yale, lakini hakuomba msamaha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Hatusemi kwamba huyu alikuwa na moyo mwema na yule hakuwa nao. Mioyo yaijua Mungu. Twasema tu kwamba "nasikitika" na "nisamehe" si maneno mamoja. Anayesikitika amebaki mwenye neno la mwisho. Anayeomba msamaha amelitia neno la mwisho mkononi mwa aliyeumizwa, naye aweza kunyimwa.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusijivune kwa ajili ya lugha. Maneno yetu nayo yamechakaa kwa kutumiwa. "Samahani" leo ni neno la kumwuliza mtu saa ngapi. Tena yuko mtu asemaye "nisamehe" kwa ukavu kama alipaye kodi, bila kujali mwenzake ameumia kiasi gani. Huyo naye amepungukiwa, na hapo neno la Kiingereza linatufundisha kitu, kwa kuwa katika asili yake lina kidonda ndani. Aliyekosa yampasa aseme nisamehe kwa sababu deni ni lake, na pole kwa sababu maumivu ni ya mwenzake. Pole bila nisamehe humficha mkosaji; nisamehe bila pole humsahau aliyekosewa.

Maandiko yanatuonyesha wafalme wawili. Sauli alipokosa katika habari ya Waamaleki, kwanza aliwasingizia watu. Alipobanwa na Samweli alikiri kwamba ametenda dhambi, ila akaongeza kwamba aliwaogopa watu. Na papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Alitamka neno lililo sawa, lakini jicho lake lilikuwa juu ya cheo chake. Daudi, Nathani alipomwonyesha kwamba mtu yule mwenye kosa ni yeye, hakumtaja mtu mwingine wala hakutoa udhuru. Tena kumbukeni kwamba kabla hajajitambua, Daudi mwenyewe alikuwa amehukumu kwamba mwenye kuiba mwana-kondoo wa maskini alipe mara nne. Miaka mingi baadaye Zakayo alisimama mbele ya Bwana akaahidi kiasi hicho hicho, mara nne, kwa kila aliyemdhulumu. Hatusomi kwamba alikaa kuchagua maneno; alitaja hesabu.

Kanisa letu limelijua jambo hili tangu zamani. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 yamo maonyo ya kusomwa kwa wanaojiandaa kushiriki Meza ya Bwana, nayo yanaagiza kwamba aliyemkosea jirani apatane naye, na awe tayari kurudisha na kufidia kwa kadiri ya uwezo wake. Kila Jumapili twaungama pamoja na kusema "tumetenda dhambi", na ni vema, maana hakuna asiye na dhambi kati yetu. Lakini katika "sisi" mtu aweza kujificha kama yule mwenye mbuzi alivyojificha katika pole. Padre atatamka ondoleo, nawe utatoka kanisani ukipita shambani kwa jirani ambaye mahindi yake hayajalipwa.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kuja tena Mezani, kila mmoja amfikirie mtu mmoja aliyemwambia "sori" na mambo yakaishia hapo. Aende kwake, alitaje kosa kwa jina lake, aseme "mimi ndiye", ampe pole, amwombe msamaha, kisha aulize, "Nirudishe nini?" Akijibiwa, arudishe. Asiposamehewa siku hiyo, asikasirike. Radhi ni ya mwenyewe, na yafaa kungojewa.

Bwana atujalie ujasiri wa kwenda.