Rangi ya Gari la Kale

Je, anayelifufua gari la kale hana budi kulirudishia rangi yake ya awali? Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z jekundu lenye boneti nyeusi. Weusi ule haukuwa pambo tu. Ulipunguza mng'ao wa jua machoni mwa dereva. Kuufuta ni kuifuta sababu yake.

Hapa Nyakiyumbu, mwenye Peugeot kuukuu ana haki ya kuipaka rangi aipendayo, maana mali ni yake. Lakini akiwaambia watoto, "Hivi ndivyo ilivyokuwa," amejitwika deni la ukweli. Sisi walimu twalijua deni hilo: tunakilipo utenzi wa kale hatubadili neno bila kumjulisha msomaji. Basi na apake atakavyo, ila chini ya boneti abakize kipande cha rangi ya kwanza, ili ushahidi usipotee.