Viatu vya Mtu wa Gunia

Nilidhani kazi ngumu ni ukuta. Nikakata katoni, nikapaka gundi na vumbi la matofali, nikaokota vipande vya bati kwa mafundi wa Kamukunji nikavikunja kuwa paa. Watu wangu wana urefu wa sentimita mbili na nusu: askari wa plastiki, na foleni ya wanaume wenye makoti niliowaunda kwa waya na karatasi. Siku ni 24 Aprili 1954, jeshi la Uingereza limeizingira Nairobi na linasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru. Operesheni waliiita Anvil, yaani fuawe. Kwetu Shauri Moyo, tunakoamshwa na nyundo za jua kali, jina hilo linachoma kidogo.

Mbele ya foleni nilimweka mtu wa gunia, mtoa habari aliyefunikwa kichwa, akaachiwa matundu ya macho tu. Akikutambua, unapandishwa lori: Lang'ata kuchujwa, kisha Manyani au Mackinnon Road.

Shosho akavaa miwani. "Huyu viatu umekosea."

"Kwani ulimjua?"

"Gunia halikufika miguuni."

Akanieleza: rangi ya kahawia, cha kushoto kimeshonwa na uzi mweupe. Kisha akanong'ona jina. Wajukuu wa huyo mtu tunasalimiana kila asubuhi penye mfereji.

Wiki mbili nilishika brashi bila kupaka. Ukweli ni ukweli, sawa, na wazee wa mtaa wakija kuangalia watakumbuka. Lakini nina nini mkononi? Kumbukumbu ya mtoto wa miaka tisa aliyechungulia akitetemeka, na mshtakiwa hayupo kujibu. Si ndivyo foleni ile ilivyohukumiwa? Nikiuchora ule uzi, mimi ndiye nimevaa gunia.

Halafu nikagundua kitu kibaya zaidi. Nilivyopanga ukuta, anayetazama anasimama mgongoni mwa mtoa habari, anaikagua foleni pamoja naye. Nikabomoa, nikahamisha mlango. Sasa unasimama kwenye foleni, na yale matundu yanakuangalia wewe.

Viatu nikavifunika matope hadi kwenye vifundo. Aprili si ni mvua?

Shosho akaviangalia sana.

"Siku hiyo kulikuwa kukavu," akasema, akarudi kwa chai yake.